Jibu Langu Juu ya Leseni ya Mwepu

Kamina, jioni

Ngalula mwanangu,

Shangazi yako amekwisha kukuambia yote ya sabuni, ya chandarua, ya namna ya kusalimia masista na ya kutokula chakula cha watu usiowajua ndani ya gari moshi. Sitaongeza neno hapo. Anayajua kuliko mimi, na ulimsikiliza kwa uso mzuri kuliko huo unaonionyesha mimi tangu Jumapili.

Uliniuliza swali pale jikoni, mikono yako ikiwa ndani ya unga, nami nikatoka nje bila kujibu. Baba yako, ambaye watu wa Kamina wanasema hajawahi kukosa neno, alikwenda kutazama kuku. Basi jibu lako ni hili. Ninaliandika kwa sababu kwa mdomo ningepiga kelele, na wewe ungepiga kelele zaidi, kwa kuwa umenirithi, na ungepanda gari moshi tukiwa maadui. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako uisome kabla hatujatoka.

Kesho, ukishaondoka, nitakwenda ofisini kwa mtawala. Ameniita niseme, mimi mume wa marehemu, kama nakubali Mwepu arudishiwe leseni yake ya kuendesha malori. Nikikubali, atakuwa kwenye usukani kabla ya wiki kwisha. Nikikataa, mtawala amesema hataweka sahihi yake, na Mwepu hataendesha tena gari lolote upande huu wa nchi. Wewe ulinisihi nikubali.

Nitakataa.

Nimelisema mapema ili usisome ukitumaini kitu ambacho hakipo. Mengine yote ni kukuambia kwa nini. Najua utabishana na kila mstari, na ningeudhika usipobishana.

Unajua jinsi mama yako alivyokufa, lakini unajua kama mtoto anavyojua, kwa vipande. Alikuwa anatoka shambani na kikapu cha majani ya viazi kichwani, akipita kando ya barabara ile nyekundu ambayo malori hupeleka mchanga na saruji kule wanakojenga Base, ile kambi ya jeshi la wazungu. Jua lilikuwa bado liko juu. Barabara pale imenyooka, haina kona wala kilima, na hakukuwa na vumbi siku hiyo kwa sababu mvua ilinyesha asubuhi. Nasema hivi kwa sababu nimesikia watu wakisema kona, wakisema vumbi, wakisema jua la machoni. Mwepu alitoka barabarani na lori zima, akamfuata mama yako kwenye nyasi alikokuwa amekimbilia. Alikuwa amekimbia, Ngalula. Aliliona lori, akakimbia, nalo likamfuata.

Mwepu hakutoroka. Hilo watu hupenda kulisema, nami nalisema pia. Alishuka, akaketi chini karibu naye, akalia. Kisha wakafika madereva wenzake, waliokuwa nyuma yake kwenye safari ileile. Wanaume wazima, watu ninaowasalimia mpaka leo nikitoka kanisani. Mmoja angeweza kukimbia kituoni kumwita muuguzi. Badala yake walimmwagia Mwepu maji kichwani, wakamtafunisha muhogo mbichi ili harufu itoke mdomoni, wakamtembeza huku na huku mpaka miguu yake ikakaa sawa. Polisi alipofika alimkuta mtu mwenye nywele zilizolowa, mwenye mdomo mweupe wa muhogo, na mama yako amefunikwa kwa gunia la saruji. Hayo aliniambia polisi mwenyewe, akicheka kidogo, kwa sababu muhogo ulikuwa umebaki kwenye ndevu na hakuna mtu aliyedanganyika.

Nataka ulikumbuke hilo utakaposikia watu wakisema kwamba hawakujua pombe ni kosa.

Sasa nikuambie ya chupa. Mwenye malori ni yule mzungu wa duka la chuma, tunayemwita Bwana Kofia kwa sababu hata ndani ya kanisa lao anaivua kofia yake kama mtu anayeng'olewa jino. Base inakula mchanga usiku na mchana, na yeye analipwa kwa kila lori linalofika. Dereva akimaliza safari zake za kawaida, Bwana Kofia hufungua dirisha la nyuma la duka na kumpa bia ili aende safari nyingine ya juu. Madereva wanaiita chupa ya safari. Inanywewa palepale dirishani, kwa sababu Bwana Kofia anataka chupa yake tupu. Anayekataa huulizwa kama anaumwa, na anayesema anaumwa hubaki nyumbani kesho yake. Mchana ule Mwepu alikuwa amekwisha kusimama dirishani zaidi ya mara moja. Kila mtu wa barabara ile anajua. Mama yako alijua pia, na ndiyo maana alikuwa anatembea kwenye nyasi.

Mwepu alifungwa na leseni yake ikachukuliwa. Bwana Kofia hakuulizwa hata jina lake. Utadhani ni kwa sababu ni mzungu, na mimi nimeandika hivyo mara nyingi katika magazeti yetu, kwa maneno makali yaliyowafurahisha wasomaji. Lakini siyo yote. Sehemu nyingine ni yetu, nami nimo.

Siku ya pili ya matanga, Bwana Kofia alituma lori. Juu yake kulikuwa na makreti ya bia, mengi, yamefunikwa kwa majani ya migomba kama sadaka. Wajomba za mama yako walikuwa wamekuja kutoka kijijini kwao. Mimi ni mtu wa Kasai, na mambo ya msiba wa mke wangu yalikuwa mikononi mwao, si mwangu. Waliona bia wakasema mzungu huyu ana moyo. Watu walikuwa wengi, wamechoka kulia, jua lilikuwa kali. Mjomba mkubwa alifungua ya kwanza, akamwaga kidogo chini, akanywa, akanipa mimi. Nikanywa. Nilikuwa na kiu. Sikuwa nimekula tangu mama yako aletwe nyumbani, na bia ile ilikuwa baridi, na nilikunywa mpaka mwisho.

Kwao, ukipokea kinywaji cha matanga kutoka kwa mwenye kosa, mkakinywa pamoja mbele ya watu, mmekata maneno. Hakuna wa kudai tena, wala yeye, wala wewe, wala watoto wenu. Sijui kama Bwana Kofia alilijua hilo mwenyewe au aliambiwa na watu wake wa dukani. Mimi nililijua. Nilikuwa nimeishi na mama yako muda wa kutosha kulijua. Nililisahau kwa muda wa glasi moja, na muda huo ulitosha.

Mbele ya jaji nilisimama nikataka mwenye malori aitwe. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na Kifaransa changu kilichopigwa pasi, nilikuwa na kila jina la kila dereva aliyewahi kunywa dirishani. Mkalimani akainama akamnong'oneza jaji. Jaji akauliza kama familia ilipokea vinywaji vya Bwana Kofia kwenye msiba. Mjomba mkubwa akasimama kwa heshima zote, akasema ndiyo, tulikunywa, alituheshimu. Jaji akasema basi kati yenu na yeye maneno yamekwisha kwa desturi yenu wenyewe, na yeye hataki kuingilia desturi. Walikuwa wanadharau desturi zetu Jumatatu mpaka Jumamosi, na siku ile moja walizipenda.

Tangu siku hiyo sijanywa kitu chochote nilichopewa na mtu ninayemdai neno. Wewe fanya utakavyo. Nakuambia tu kwamba mtu mwenye kosa hana haraka ya kukuomba radhi. Ana haraka ya kukulisha.

Twende Jumapili.

Ulikuwepo, umesimama dirishani na wasichana wenzako, kwa hiyo sitakusimulia kila neno la mkutano ule wa klabu ya makarani. Lakini kuna ulilolicheka na wenzako, nami nilikusikia, na nataka nilijibu. Swali lililowekwa lilikuwa kama sheria ya kuwanyang'anya leseni madereva walevi ni kali kupita kiasi. Unadhani nani aliliweka? Lori la Bwana Kofia lilileta viti. Madereva wamepungua, Base inadai mchanga, na ghafla watu wa Kamina wamegundua kwamba wanasumbuliwa na sheria.

Na wote walisema ni kali. Mwalimu alisema dereva mmoja anawalisha watu wengi, ukimfunga umewafunga wote wanaokula kwake. Fundi wa reli alisema barabara yenyewe ndiyo mlevi. Mwanamke yule anayeuza lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, nyuma ya soko, ambaye hakualikwa lakini aliingia kama kawaida yake, aliuliza, "Kama shofere hakunywe, kamyo itatembea na nini?" na klabu nzima ikapasuka kwa kicheko, hata padre mdogo aliyeketi nyuma. Kisha mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri, kwamba pombe haiui mtu, kwamba mama yako aliuawa na mlozi aliyemwonea wivu kwa sababu mume wake ni karani, na Mwepu alikuwa mkono tu. Watu wakatikisa vichwa. Waliona ni jambo la busara. Nilitazama nyuso zao nikaona wamefarijika, kwa sababu mlozi hana duka wala malori, na hakuna anayemtegemea kwa mshahara.

Halafu akasimama fundi cherehani. Huyu ana ulimi, nami nampenda kwa hilo hata anapouelekeza kwangu. Alisema kwamba mwaka uliopita mzungu mmoja wa Base alitoka kwenye sikukuu yao akiwa amelewa, akavunja ukuta wa shule na gari lake, polisi wakambeba hadi kitandani kama yai, na kesho yake wafungwa wetu wakaujenga ukuta. Wafungwa, alisema, na Mwepu alikuwa mmoja wao. Watu wakanguruma. Kisha akanigeukia.

"Karani, njo weye uliandika koo ya muntu mweusi iko sawa na ya muzungu. Tulipiga mikono. Leo unataka bafunge koo zetu?"

Hapo ndipo ulipocheka, Ngalula.

Aliniumiza kwa sababu alisema kweli. Niliandika maneno hayo. Wakati huo sheria ilitukataza mvinyo na pombe kali, wao wanakunywa baraza zao zimewaka taa na sisi tunapekuliwa mifuko, na mimi nilisema koo la mtu mweusi ukilifungua ndani halina rangi. Nilisifiwa kuanzia hapa mpaka Luena. Watu walinisimamisha njiani wanishike mkono. Na bado nasema ni kweli. Nilichokosea ni kudhani kwamba kila sheria inayotubana ni adui yetu, na kila anayepiga makofi ni rafiki yangu. Niliipigania haki ya kunywa kwa wino mwingi sana, na sikuandika hata mstari mmoja juu ya dirisha la nyuma la duka, ingawa nilipita mbele yake kila asubuhi nikienda stesheni. Nilidhani ni jambo dogo la madereva. Nilitafuta dhuluma kubwa, zenye majina ya Kifaransa, na ile iliyokuja kumuua mke wangu ilikuwa inauzwa mbele ya macho yangu ikiwa baridi.

Nilimjibu fundi cherehani kwamba wafunge na koo la mzungu pia. Nilisema sheria si kali, ina jicho moja tu. Nilisema mnataka kulitoboa hilo moja mliite haki, mimi nataka iote la pili. Mwalimu akakohoa akasema tusichanganye mambo. Mtu mmoja nyuma akasema, sikumwona uso, "Ule mugeni wa Kasai, bibi yake alikufa, basi sisi bote tufe na njaa." Wakapiga kura ya mikono. Nilikuwa peke yangu upande wangu. Nilitazama dirishani nikuone, nawe ulikuwa umekwisha kuondoka.

Sasa yale ya jikoni. Uliniambia, "Baba, kama Mwepu anakosa kazi, mama atarudia?" Hilo ningeweza kulijibu. Kila mtu mwenye kosa amejificha nyuma ya swali hilo tangu dunia iumbwe, na jibu lake ni kwamba hapana, hatarudi, na ndiyo maana. Lakini hukuishia hapo. Ulisema, "Mama Numbi njo alinisuka nywele. Weye ulikuwa unaandika."

Numbi, mke wa Mwepu. Mume wake gerezani kwa ajili ya kifo cha mama yako, na yeye anakuja uani kwetu kila wiki na kitana chake, anakuketisha kati ya magoti yake. Sikumwita. Hakuniomba ruhusa. Mara ya kwanza nilitaka kumfukuza, nilitoka hadi mlangoni, nikaona umefumba macho na kichwa chako kimelala kwenye paja lake, nikarudi ndani. Nikaandika. Ni kweli, niliandika. Kwa miezi mingi niliandika chuki yangu kwenye magazeti na nikamwachia mwanamke mwingine akushike kichwa.

Neno lako la Numbi ndilo lililonipeleka kwenye kuku. Ndilo pia lililonifanya, Jumatatu, nikubali kumpokea Mwepu alipokuja.

Hukulijua hilo. Ulikuwa umekwenda kuaga wenzako. Alikuja mchana, amevaa koti, anapiga hodi kama mtu wa ofisi. Amekonda. Nilimpa kiti, sikumpa maji. Alianza kuzungumza juu ya mvua, nikamwambia asinizungumzie mvua. Akasema anaomba. Alisema gerezani alikuwa akiota mama yako amesimama mbele ya lori na hakimbii, na ndoto hiyo ni mbaya kuliko ile ambayo anakimbia. Alisema tangu atoke hajaonja kitu. Nilimwamini. Usifikiri baba yako amekuwa kipofu kabisa. Nilimtazama mikono, haikutetemeka, nilimtazama macho, yalikuwa meupe, na nikaona kwamba ninaweza kufanya jambo ambalo sikutegemea.

Nikamuuliza bia ya siku ile alipewa na nani.

"Karani, weye unajua."

Nikamwambia ninajua, lakini mimi ninayejua sikusikilizwa. Nikamwambia: kesho kutwa twende wote ofisini. Wewe useme mbele ya mtawala, kwa mdomo wako, kwamba Bwana Kofia hutoa chupa kwa kila safari ya juu, kwamba ulikunywa mbele yake, kwamba alikutazama ukipanda lori. Sema hayo tu, yaandikwe. Nami palepale nitasema nakubali upewe leseni yako, na nitakushika mkono mbele yao wote, na Numbi ataweza kuingia nyumbani kwangu kwa mlango wa mbele.

Nilikuwa tayari, Ngalula. Naapa kwa mama yako. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama wa kijana.

Mwepu alitazama chini. Kisha akasema, "Nikisema vile, permi nitapata. Kamyo nitapata kwa nani?"

Nikamwambia malori yako mengi nchini. Akasema mwenye malori mengine ni rafiki ya huyu, wanacheza karata pamoja. Akasema Bwana Kofia amekwisha kumwahidi nafasi yake ileile, na ndiye aliyezungumza na mtawala ili mimi niitwe. Nikamuuliza kama dirisha la nyuma bado linafunguliwa.

"Linafunguka," akasema. "Lakini minyi sitakunywa."

"Na ukiulizwa kama unaumwa?"

Akaondoka bila kuaga. Alisahau kofia yake kwenye kiti, akarudi kuichukua, na hatukutazamana.

Hilo ndilo jibu langu, na unaona sasa kwamba nusu yake aliitoa yeye. Anataka usukani uleule, wa mtu yuleyule, chini ya dirisha lilelile, kwenye barabara ileile ambayo wanawake bado wanatembea na vikapu. Anataka mimi ndiye niseme ndiyo. Anataka jina la mama yako liwe ufunguo wa lori la Bwana Kofia. Sitampa.

Wala usije ukawaambia wenzako kule shuleni kwamba baba yako ni mtu wa haki. Wanaonipinga husema ninalipiza kisasi na wanadhani wamenitukana. Ninalipiza. Mwepu ni dereva mzuri kuliko wote alionao Bwana Kofia, kila mtu anasema hivyo. Nikimnyima leseni, nimekata mkono mmoja wa yule ninayemtafuta, na nitaufurahia mkono huo. Nataka siku moja nipite mbele ya duka lile nione malori yamelala, matairi yamekaa chini, na yeye amesimama dirishani na chupa mkononi akikosa wa kumpa. Nimeliwaza hilo mara nyingi kuliko ninavyosali. Likinijia, nalala vizuri. Mtu akikuambia kwamba hasira humla mwenye nayo, mwambie hajaonja hasira yenye kazi ya kufanya. Yangu imenivisha viatu kila asubuhi tangu mama yako azikwe.

Lakini imenigharimu wewe, kidogo kidogo, na hilo nalijua tangu uliposema neno la nywele. Kwa Numbi sina jibu. Nimejaribu kuandika sentensi ya kumjibu Numbi na kila niliyoandika ilikuwa ya uongo. Nyumba yake itapata njaa kwa ajili ya neno nitakalosema kesho, na alikuwa mwema kwangu na kwako bila kudai chochote. Nimemwambia shangazi yako ampelekee unga. Ataurudisha. Ningemdharau asipourudisha.

Unakwenda kujifunza kuwapokea watoto na kuwaosha wagonjwa. Huko mjini malori ni mengi kuliko hapa. Siku moja wataleta kitandani kwako mtu anayenuka bia, damu ya mwingine iko kwenye shati lake, na watakuambia, maskini, ana watoto. Mwoshe. Mfunge majeraha. Usimwulize kitu, maana hiyo ndiyo kazi yako, na ninafurahi kwamba umechagua kazi ambayo sitaiweza. Ila ukimaliza kumwosha, na mtu akikuambia kwamba sheria ni kali mno kwa watu kama huyu, muulize nani alimpa cha kunywa, na nani alimwambia apande. Ukiona anabadilisha mazungumzo, umemjua ni wa upande gani. Hilo ndilo lote nililojifunza katika miaka yangu yote ya kusoma na kugombana, na lilinigharimu mke.

Jambo la mwisho, na hili shangazi yako halijui. Kesho sitasema hapana peke yake. Nitalitaja jina la Bwana Kofia ndani ya ofisi ile, jina lake la kweli, pamoja na dirisha na chupa, hata kama nitakuwa shahidi pekee, hata kama watanisomea tena habari ya bia ya matanga. Nitasema kwamba niliyeinywa ni mimi na si mama yako, na yeye hajakata maneno na mtu. Anayesikiliza atakasirika. Wakubwa wangu wa reli hula chakula cha jioni kwa Bwana Kofia, na karani wa stesheni anayewashitaki rafiki zao huweza kuhamishwa mahali ambapo hakuna gari moshi. Ikitokea hivyo, utapata habari kwa shangazi yako, na ada yako nimekwisha kuipanga kwa namna ambayo hawataigusa. Usirudi kwa ajili yangu.

Asubuhi nitakubebea sanduku hadi kwenye behewa. Umekuwa ukinisalimu kwa ncha za vidole tangu Jumapili, na sitakulazimisha zaidi ya hapo mbele ya watu. Lakini ukitaka kunikumbatia, nikumbatie ukijua ninakokwenda nikitoka stesheni. Sitaki kukumbatiwa kwa lingine.

Baba yako